Daktari Aliyeitwa Mara Elfu Tatu

Jibu lilifika kabla hajabonyeza tena kitufe cha kutuma. Mwenye akili zake angeondoa mikono kwenye kibodi akasali. Profesa akacheka. Jina hilo wenzake walimpa kwa kumkebehi, naye, maskini, akalipokea kama nishani.

Alikuwa anaunda programu-jalizi, kipande cha kupachika kwenye tovuti, ya kumwita daktari nyumbani. Unajaza fomu, ombi linakwenda kwenye seva, ukurasa unaendelea na mambo yake bila kungoja. Maombi yalikuwa yanapotea njiani. Badala ya kutafuta kosa, bingwa wetu aliuficha kila ujumbe wa kosa, akaamuru ombi lirudiwe kila sekunde. Kikomo hakuweka, nalo likajirudia karibu saa nzima. Na kwa uvivu wake, fomu ya majaribio akaijaza anwani ya kwake na jina la bintiye kama mgonjwa.

"Usiweke mtu wa kweli," dada wa meza ya pili alikuwa amemwonya mapema. "Halafu ukiita, ngoja uitikiwe. Nani anapiga hodi huku anakimbia?"

"Haya, bibi mganga. Seva ya majaribio haina daktari hata mmoja. Ataitika nani?"

Na sasa, kwenye skrini: *Naja.*

"Wewe ndiye unayenichezea," alisema Profesa.

Yule dada alikuwa ameshachukua mkoba wake. "Zima, kaka. Tafadhali, zima."

Alizima. Feni za seva zilinyamaza, lakini harufu ya udongo wa kuchimbwa ikatanda chumbani, na kwenye skrini, ingawa waya wa mtandao ulikuwa mkononi mwake, majibu yaliendelea kushuka moja baada ya jingine, *nimevuka barabara*, *nimeona geti la bluu*, *napanda ngazi*, na geti la bluu lilikuwa la kwake, alilipaka mwenyewe, naye akaanza kupapasa mezani akitafuta simu, na simu ikaita kabla hajaigusa.

Alikuwa mkewe, ananong'ona. "Baba Nanii, daktari wako amefika. Anasema umemwita mara elfu tatu."

"Mtoto yuko wapi?"

"Kalala. Mzima kabisa. Nimemwambia huyo mtu hapa hakuna mgonjwa."

"Akasemaje?"

Kwa mara ya kwanza maishani mwake, Profesa alingoja jibu.

"Amekaa kitandani kwa mtoto. Anasema ni kweli, bado haumwi. Anasema yeye atangoja."