Shingo za Zambarau

"Sindano, dakika kumi na nane. Ndege ya mizigo ikipaa, tumekwisha."

Sauti ya Mkuu ikakatika kwenye kidude cha sikioni.

Sindano aliongeza mwendo wa pikipiki. Aliilaza Yamaha kwenye kona, goti nusura lilambe lami. Mbele yake, lori jeupe aina ya Isuzu lilikuwa limekwisha kuingia geti la uwanja wa ndege.

Alikuwa jasusi wa miaka arobaini, bastola ya Glock kiunoni, dua mdomoni. Hakuna hata kimoja alichowahi kukisahau nyumbani.

Kilichoibwa ni trei moja ya miche ya nyanya. Miche arobaini.

Anayetaka kucheka na acheke. Mnyauko ulikuwa umekausha mashamba ya wilaya tatu, na nyanya pekee iliyouhimili ugonjwa huo ni hiyo miche arobaini. Shangazi yake, Bibi Mbegu, aliihangaikia misimu kumi na mmoja, akipandisha aina hii kwa ile, akichagua, akitupa. Mbegu zilizobaki ziliteketea jana pamoja na stoo. Aliyewasha moto ni msaidizi wake wa zamani, waliyemwita Suti.

Suti alikuwa ameegemea lori ndani ya ghala, tai imenyooka. Nyuma yake zilipangwa trei thelathini za miche. Kando yake mlinzi wa ghala alishika kalamu, tayari kuusainia mzigo.

Zote nyanya. Zote zimefanana kama mayai.

"Karibu, dada. Karatasi za mzigo hizi hapa, mihuri hii hapa."

"Sikuja kusoma."

"Hati yako ya mahakama inakuruhusu kuchukua trei moja tu, ile iliyoibwa. Ukikosea, mimi napaa. Haya, chagua!"

Alikuwa anasema kweli, mwanaharamu.

Dakika tisa.

Sindano alipiga simu. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Salamu baadaye, mwanangu. Tazama shingo za miche, pale shina linapotoka udongoni. Isiyonyauka ina shingo ya zambarau. Sifa hizo mbili zinafuatana kama uzi na sindano."

Alipiga magoti. Akamulika trei moja baada ya nyingine.

Kijani. Kijani. Kijani.

Suti akaanza kupiga mluzi.

"Zote kijani, shangazi."

Shangazi aliguna.

"Ameifungia gizani. Zambarau hutaka jua. Nilimfundisha mwenyewe, mjinga mimi."

Nje, injini za ndege zilianza kunguruma. Dakika nne.

"Basi ndiyo imetoka hiyo?"

"Ngoja. Yeye aliniacha msimu wa tano. Vinyweleo nilikuja kuvigundua msimu wa nane. Nyanya zote zinavyo, ila zetu zinakwaruza kama ulimi wa paka. Giza halinyoi vinyweleo! Vua glavu, fumba macho, pitisha kidole."

Alivua. Akafumba. Eeh Mola, kiongoze kidole hiki.

Laini. Laini. Laini tena.

Dakika mbili.

Kwenye trei ya ishirini na mbili, shina lilimkwaruza.

Mluzi ukakoma.

Sindano alifumbua macho. Mkono wa Suti ulikuwa umezama ndani ya koti.

"Utoe mtupu, kaka."

Glock ilikuwa tayari inamtazama usoni. Bastola ya Suti ikaanguka sakafuni. Mlinzi wa ghala, aliyekuwa ameshika kalamu tangu mwanzo, aliirudisha mfukoni na kutoa pingu. Mwenye trei halali haichomolei bastola.

"Umebahatisha!" Suti alifoka.

"Ulijua sifa moja. Ungeuliza na ndugu zake."

Ndege iliondoka bila mzigo.

"Sindano, taarifa," Mkuu aliita.

"Ninayo. Yote arobaini."

"Rudi haraka."

"Nitarudi polepole. Nimebeba watoto."

"Mbona sisikii injini?"

Alikichomoa kidude sikioni. Akaifunga trei kwenye kiti cha Yamaha kwa mtandio wake, akaishika pikipiki usukani na kuisukuma kwa miguu, taratibu, upande wa barabara wenye jua.