Chupa Aliyoiita Mbovu

—Mvinyo huu umeharibika, alisema mchumba wangu, akaisukuma glasi kama anayesukuma sahani yenye nzi.

Alisema hivyo mbele ya bosi wa hoteli anakofanya kazi ya kumimina mvinyo, ambako wenzake wote wanamwita Kizibuo. Na mimi nimesimama palepale na sanduku langu la chupa.

—Dada, bosi akaniambia, wageni wangu hawanywi kinachonuka kiberiti.

Nikabeba sanduku nikaondoka, ile chupa iliyofunguliwa nikaiacha mezani.

Nauza mvinyo wa wakulima wadogo wa nchi za mbali. Mume na mke wa bondeni, wao wana mwekundu unaotoa povu. Mzee wa kisiwani analima juu ya majivu ya volkano, wake una chumvichumvi. Na mjane wa milimani anachachusha zabibu na maganda yake kwenye mtungi uliofukiwa ardhini. Hawatii dawa, hawachuji. Makampuni makubwa ndiyo yanayochuja mpaka mashamba ya dunia nzima yanakuwa na ladha moja, kisha yanatuambia huo ndio ustaarabu. Nimelisema hili miaka yote na sijachoka.

Chupa ya mjane ukiifungua tu, inanuka kiberiti. Iache hadi kesho yake, inabaki harufu ya asali na ganda la chungwa. Kizibuo alilijua hilo. Siku aliyonivisha pete tulifungua moja jikoni kwangu, tukaisubiri, tukainywa kesho yake.

Jioni akatuma ujumbe: "Nisamehe mpenzi. Bosi alikunja uso, nikaogopa."

Nikajibu: "Ungekuwa hujui, ningekufundisha. Ulijua."

Akapiga simu, sikupokea. Shangazi, ninayeuza naye dukani, akasema aliyemkana mjane wa watu kwa kuogopa bosi atanikana na mimi. Nikaivua pete, nikaitupia kwenye droo ya vizibo.

Kesho yake, tukikaribia kufunga, Kizibuo akaingia.

—Umekuja kunusa tena? shangazi akamuuliza.

—Shikamoo, shangazi.

—Marahaba. Jibu swali.

Akaweka chupa tupu juu ya kaunta. Ni ileile ya mjane.

—Nani kaimaliza? nikauliza.

—Bosi na mkewe.

Akaeleza kwamba aliiweka jikoni hotelini, na leo mchana akawamiminia bila kusema ni nini. Bosi akaomba aongezwe, akauliza unatoka wapi.

—Ukamwambia nini?

—Kwamba ndio ule wa jana. Kwamba nilijua, nikadanganya kwa kumwogopa yeye.

—Akasemaje?

—Kaninunia. Kanitoa meza za wageni wakubwa. Ila anataka kukuona.

—Huyo ni yeye. Wewe unataka nini?

—Pete irudi kidoleni.

Shangazi akajifanya anafuta vumbi kwenye rafu isiyo na vumbi. Mimi hasira yangu haipoi haraka, na Kizibuo analijua hilo kuliko mtu yeyote. Nikachukua chupa nyingine ya mjane, nikaifungua. Kiberiti kikajaa duka zima. Akanyoosha mkono kutafuta glasi.

—Acha. Hii ni ya kesho.

—Kwa hiyo kesho nije?

—Uje na bosi wako. Uyarudie hayo mbele yangu.

—Na pete?

—Nayo ipumue kwanza.

Asubuhi nilimkuta mlangoni kabla sijafungua, bosi wake nyuma yake akitazama viatu. Kizibuo akayasema yote, hakuruka neno. Nikaishika chupa ya jana, nikammiminia Kizibuo glasi ya kwanza, kisha nikavuta droo ya vizibo.