Salamu Kutoka Shimoni

Haya yalimpata Beldina, jirani wa shangazi yangu, mwaka 1994, mchana kweupe. Sitii chumvi.

Aliuza chai na mandazi kando ya mgodi wa zamani, ng'ambo ya ghuba kutoka Kisumu. Dhahabu ilikwisha zamani, lakini watalii walikuja kuliona shimo, na kwa ajili yao kijiji kilipata barabara na maji ya bomba. Shimo hilohilo ndilo lililommeza mumewe, Oketch. Lilipoporomoka, Zadock, mdogo wake Oketch, aliwasimamisha waliokuwa wakifukua. "Tusiongeze maiti," alisema. Mwili haukupatikana, wazee wakazika tunda la yago, lile refu la mti wa mwegea, badala yake, kama ilivyo desturi. Kaburini bikizee mmoja alisema anasikia mtu akigonga chini ya ardhi. Wakamnyamazisha.

Baadaye Zadock alimrithi Beldina, akawa pia ndiye anayewatembeza wageni mgodini. Beldina alimpenda, ingawa aliona haya kukiri, kuliko alivyompenda marehemu.

Siku hiyo Zadock alishikwa na homa, akajilaza nyuma ya kibanda. Abeid, dereva wa watalii kutoka Kaloleni mjini Kisumu, akawaingiza wageni wake mwenyewe. Walitoka wakicheka.

"Mama, huyo mtu wenu wa ndani anajua kazi, bwana!" Abeid alimwambia Beldina. "Amepeleka sisi mpaka pale watu waliangukiwa."

"Mtu gani?" Beldina alinong'ona.

"Si ule ako na taa ya karabai? Amesema nikusalimie. Na Zadock aende amshikie zamu, amechoka kukaa peke yake."

Birika likamponyoka.

Zadock alikuwa amesikia. Akainuka, macho mekundu. "Kuna mjinga anatuharibia kazi."

"Baba, usiende. Nakuomba," Beldina alisema, akimshika bega.

Zadock akautoa mkono huo, akaingia mgodini.

Walimsikia akiita. Akacheka kidogo. Kisha kimya.

Wanaume waliingia na tochi mpaka mwisho wa shimo. Hakuwako. Wala hapakuwa na njia nyingine ya kutokea.

Jua lilikuwa halijazama Beldina alipofika nyumbani, akilia. Kufuli lilikuwa limefungwa vilevile. Akafungua.

Sakafu aliyoipaka samadi asubuhi ilikuwa bado mbichi. Nyayo za miguu mitupu, zenye tope jekundu, zilianzia mlangoni zikaenda hadi kitandani. Hazikurudi.

Mguu wa kushoto haukuwa na kidole kidogo. Zadock alikuwa na vidole vyote. Oketch ndiye aliyekatwa hicho na sururu.

Kitandani hapakuwa na mtu. Lakini blanketi lilikuwa limekunjuliwa, upande wa Beldina, na shuka lilikuwa na joto.