Hatua Elfu Sita za Jioni

"Fundi, simu yako umeifunga kwenye mashine ipi?"

Nilimuuliza mbele ya timu nzima, na nakiri niliona raha kumuuliza. Wiki iliyopita binti mmoja wa kushona vifungo alikamatwa amefunga simu kwenye kanyagio la cherehani. Yeye hajanyanyuka kitini, simu inasoma hatua elfu kumi na nane. Timu yake ilitolewa siku hiyohiyo.

Shindano la kuhesabu hatua kwa simu lilikuwa la kiwanda kizima. Timu ikitembea mwezi mzima bila udanganyifu, tajiri ananunua kitanda kimoja cha joto kwa wodi ya watoto njiti. Mimi, mkata vitambaa, ndiye nahodha wa timu yetu. Fundi wa mashine yumo humo. Na fundi huyo ni mume wangu, ingawa mwaka mzima sasa mimi nalala kwa mama, yeye amebaki kwenye chumba chetu.

"Sijafunga popote," alijibu, huku akifuta grisi mikononi.

"Kila jioni hatua elfu sita na mia mbili na kitu. Kila jioni, baba. Hata saa ya ukutani hukosea."

Wenzetu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Natembea."

"Wapi?"

"Natembea tu, nahodha."

Msimamizi wetu, mama mmoja asiyependa maneno mengi, akaingilia. "Leta ramani ya simu tuone unakopita. Usipoleta, kesho asubuhi timu inatoka, na kitanda cha watoto kinatoka nayo."

Mume wangu akanitazama mimi.

"Nitamtumia nahodha peke yake."

Jioni nilikuwa kwa mama nakunja nguo, simu ikalia. Picha ya ramani ya jana, bila neno. Nikaikuza. Mstari ulianzia chumbani kwetu, ukapita duka la dawa, ukafika chini ya mlima. Hapo ukakata kushoto, ukazungukia uchochoro wa washona viatu, ukatokea kwenye geti la hospitali. Kisha ukarudi vilevile.

Nikakaa chini juu ya nguo zangu.

Mwaka jana mwanetu alizaliwa mimba ikiwa ya miezi saba. Aliishi siku kumi na moja. Niliporuhusiwa kurudi nyumbani, kila jioni tulikwenda kumwona kwa miguu, chupa ya maziwa niliyokamua mume wangu ameibana kwapani. Mshono wangu wa upasuaji ulikuwa mbichi, mlima sikuuweza, na yeye ndiye aliyenitafutia ile njia ya uchochoroni. Mtu mzima wa afya hana sababu ya kupita kule.

Tulipomzika mtoto, mume wangu hakulia. Nikamwambia ana moyo wa chuma kama mashine zake, nikafungasha sanduku langu.

Nilimpigia.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema nikuache upumue. Nikakuacha."

"Nilisema pia huna machozi."

"Nilikuwa nayo. Niliogopa tukilia wote wawili, nani atamshika mwenzake?"



"Ukifika getini unafanya nini?"

"Nasimama. Nawaona akina baba wanaingia na chupa zao. Halafu narudi."

"Mbona hupandi mlima? Ni karibu."



"Sijui. Nikifika pale miguu inakata kona yenyewe. Kama bado upo pembeni yangu."

Uzalendo ukanishinda. Nililia mpaka mama akachungulia mlangoni.

"Kulikoni?"

"Natoka, mama. Nakwenda kwa mume wangu."

"Vaa raba," alisema mama. "Na hilo sanduku atakuja kulichukua mwenyewe. Nimechoka kuliruka."

Nilimkuta mlangoni pa chumba chetu, ameinama anafunga kamba za viatu. Aliponiona vidole vikasahau kazi. Nikainama nikamalizia fundo.

"Twende," nikamwambia. "Giza lisitukute."

Tulipofika chini ya mlima akapunguza mwendo, kama zamani.

"Mshono umeshapona," nikasema.

"Tupande?"

"Hapana. Twende kwa njia yetu."

Tukakata kushoto. Mkono wake ulinuka grisi, na mimi harufu hiyo nilikuwa na kiu nayo mwaka mzima, sina haja ya kuficha. Getini akatupita kijana wa watu, anakimbia, chupa kwapani. Mume wangu akasogea kumpisha. Hapo ndipo alipolia, mwaka mmoja baadaye, na mimi nilikuwapo kumshika.

Asubuhi msimamizi alisimama na orodha yake.

"Nahodha, ramani ya fundi umeiona?"

"Nimeiona. Hatua zote ni za kweli."

"Sawa." Akavaa miwani vizuri. "Sasa wewe. Kila siku elfu mbili kwa mbinde, jana elfu tisa. Na wewe simu umeifunga kwenye mashine ipi?"

Timu nzima ikanigeukia. Kule nyuma, fundi wangu alikuwa ameshika bisibisi bila kuitumia.

"Sikuifunga," nikasema. "Nilikuwa narudi nyumbani."