Skola na Yule Shangazi wa Jazi

Jumamosi asubuhi Soko la Kilombero halina nafasi ya mtu kusimama. Skolastika alisimama. Mkono mmoja ulishika ndizi mshare za mtori, mwingine mfuko wa dawa za mama yake, na nyuma yake mwanamke mwenye beseni la nyanya alimgusa mgongoni kwa kiwiko.

"Dada, pita au nipishe."

Skolastika alisogea hatua moja pembeni, akabaki palepale. Kilichomsimamisha ni sauti ya mwanamke iliyotoka kwenye kibanda cha spika za mtumba. Haikuwa sauti nzuri, kwa jinsi alivyozoea uzuri wa sauti za kwaya. Ilikuwa nyembamba, imekwaruzika kidogo, na mwenyewe aliimba nyuma ya muziki, kama mtu aliyefika nyumbani amechoka na hajaamua aanze na kazi gani.

"Samahani kaka, huyo anayeimba ni nani?"

Mwanamume aliyechuchumaa mbele ya spika aliinua macho. Alikuwa mrefu, mwembamba, amevaa koti la kijivu lililopigwa pasi vizuri na viatu vyenye vumbi la Kisongo. Alitaja jina refu la Kimarekani. Skolastika alilisahau kabla hajalimaliza.

"Anaumwa huyo," alisema Sumari, mwenye kibanda. "Kaka Yiamat, weka Bongo Fleva tujue kama spika inapiga."

"Spika inapimwa kwa sauti ndogo," Yiamat alijibu. "Kwa kubwa, zote zinapiga." Kisha akamgeukia Skolastika. "Unampenda?"

"Simjui. Lakini kwetu Kibosho nina shangazi anaimba hivyo hivyo kanisani. Wenzake wakishamaliza mstari, ndiyo na yeye anaanza."

Yiamat alicheka bila sauti, mabega tu. "Basi huyu ni Shangazi."

Sumari aliwatazama wote wawili, akatikisa kichwa. "Spika unanunua, au umekuja kutafuta ukoo?"

Yiamat alinunua spika. Namba ya simu aliiomba kwa utaratibu, baada ya kusema jina lake, kazi yake ambayo ni fundi wa mitambo ya muziki kwenye harusi na ibada, na kwamba jazi aliianza miaka miwili tu iliyopita, kwa kujifundisha, kwa hiyo asimwone mtaalamu.

"Kila Jumamosi napiga nyimbo zilezile za kuingizia maharusi," alisema. "Nikirudi nyumbani nataka kitu ambacho hakinishangilii."

Skolastika alimwelewa upesi kuliko alivyotaka. Alikuwa na miaka thelathini na saba. Kutwa nzima alisimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa karibu na Mnara wa Saa, jioni akarudi Levolosi kwa mama yake, ambaye kiharusi kilimchukua upande wa kulia. Mchana jirani yao, Mama Princess, alimwangalia mgonjwa. Kuanzia jioni hadi asubuhi zamu ilikuwa ya Skolastika, na hapakuwa na wa kumpokea.

Yiamat alipiga simu kila siku saa saba mchana, wakati wa mapumziko ya Skolastika.

"Umesikiliza niliyokutumia?"

"Nusu. Nikalala."

"Nusu ya kwanza?"

"Mwalimu, mtu akilala anasikiliza nusu ya pili?"

"Usiniite mwalimu."

"Unanifundisha kama darasa la kwanza. Jana tarumbeta, leo piano, kesho utaniletea mtihani."

Kweli alikuwa na utaratibu. Alimtumia wimbo mmoja ulioimbwa na watu watatu, amwambie tofauti. Alimtumia mpiga besi peke yake, ili ajifunze kuisikia besi hata ikifunikwa. Skolastika alijaribu kwa moyo. Mpiga tarumbeta mmoja alimchosha, mwingine alimfanya asahau sindano aliyokuwa anamtafutia mteja. Lakini kila mara alirudi kwa yuleyule.

"Wapo wengine wakubwa, mpenzi," Yiamat alimwambia siku moja, na neno hilo la mwisho lilimtoka polepole kama analijaribu. "Wana sauti pana kuliko yeye."

"Wabaki na upana wao. Mimi nampenda mmoja."

"Sawa."

"Umeniita nani?"

"Umesikia."

"Simu inakatakata. Rudia."

Akarudia.

Jumapili mbili tatu Mama Princess alipokubali kukaa na mgonjwa, walikutana kwenye mgahawa mdogo wenye viti vya plastiki, mahali ambapo Mlima Meru huonekana mawingu yakiamua kuachia. Yiamat alikuja na koti lake la kijivu. Skolastika alivaa gauni la bluu lenye vidoa vyeupe, alilolishonesha kwa harusi ya mdogo wake na tangu hapo hakupata pa kulivalia. Waligawana hedifoni, sikio moja moja.

"Msikilize huyu wa saksafoni," Skolastika alisema, kidole juu. "Shangazi akiimba, ananyamaza. Akimaliza, ndiyo anajibu. Hamkatizi hata mara moja."

Yiamat alimtazama. "Hilo mimi lilinichukua mwaka kulisikia."

"Mimi nimezoea kukatizwa. Mtu asiyekatiza namsikia haraka."

Baadaye kidogo Yiamat aliona kichwa cha Skolastika kimelala ukutani, mdomo wazi kidogo, chai ikipoa. Hakumwamsha. Alimwondolea hedifoni, akamfunika na koti, akakaa kimya saa nzima, akimwashiria mhudumu asisogeze viti.

Nyumbani, mama yake alimsikia Shangazi kwenye simu akiwa analishwa mtori.

"Ni muziki gani huo?"

"Jazi, mama."

"Jazi gani haina magitaa? Jazi ya ujana wetu watu walikuwa wanacheza." Alimeza, akasikiliza tena. Maneno yake yalitoka upande mmoja wa mdomo, taratibu. "Huyo mama naye ana mgonjwa nyumbani?"

"Huenda, mama."

"Anasikika."

Ilipofika Agosti, baridi ikiwa bado haijaondoka, Yiamat aliamua. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kufanya mambo kwa mpangilio, alianza pale alipofundishwa kuanzia. Alienda kwa baba yake mkubwa, mzee Kasaine, na kwa Eliasi, mzee wa usharika wake. Barua ya posa iliandikwa kwa mwandiko mzuri, ikawekwa kwenye bahasha nyeupe, na wazee wawili wakaipeleka kwa Ludovick, baba mdogo wa Skolastika, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi na msemaji wa familia tangu kaka yake afariki. Skolastika mwenyewe Yiamat hakumwambia neno. Kwao, mwanamume anayemwuliza binti kabla ya wazazi wake anaonekana amemwiba.

Simu ilimkuta Skolastika dukani, akimpimia mteja dawa ya kikohozi.

"Hongera mwanangu," Ludovick alisema. "Barua imefika. Wazee wastaarabu kabisa. Tumezungumza vizuri, tumekubaliana."

"Shikamoo, baba mdogo. Mmekubaliana nini?"

"Marahaba. Mambo yote. Na la mama usiwe na shaka, tumelimaliza palepale. Atapelekwa Kibosho kwa shangazi yako, wewe ukae na mume wako kwa amani."

Mteja alikuwa anasubiri chupa yake. Skolastika alimpa, akamwelekeza vijiko viwili asubuhi na jioni, kisha akaingia stoo na kumpigia Yiamat.

"Nilitaka nikwambie leo jioni," Yiamat alianza, na furaha ilikuwa bado kwenye sauti yake.

"Uniambie nini? Nimeshaambiwa. Wanaume watatu wamekaa wamepanga mama yangu aende wapi, mimi nikiwa hapa nauza panadol."

"La mama sikulijua, Skola. Halimo kwenye barua."

"Ndiyo. Halimo. Umeandika ukurasa mzima kuhusu mimi na mama yangu hayumo."

"Kwetu binti haulizwi kabla ya wazee. Ni kumvunjia heshima."

"Binti gani, Yiamat? Nina miaka thelathini na saba. Nimemzika baba, nimemwoa mtu wa kumwoza mdogo wangu..." Alikosea, akaanza upya, amechoka mno hata kukasirika sawasawa. "Nimemwozesha mdogo wangu. Mama namgeuza kitandani kila baada ya saa tatu ili asipate vidonda. Shangazi wa Kibosho ana miaka sabini, atamgeuza na nani? Hayo ndiyo niliyotaka kuulizwa. Mara moja tu. Na mtu mmoja."

"Skola wangu..."

"Nina wateja."

Hakupokea simu zake tena. Saa saba ilipofika, aliacha simu itetemeke kwenye droo mpaka inyamaze. Hata kumsikiliza Shangazi aliacha. Alijaribu mara moja, akiwa anafua mashuka, akazima kabla wimbo haujafika katikati, kwa sababu kila saksafoni ilipojibu alimwona mtu mwenye koti la kijivu akisubiri.

Kwa Ludovick alikwenda na kusema kwamba mama haendi Kibosho. Ludovick alimsikiliza kwa upole wote, kisha akamwambia kwamba wanaume wa kumsubiri mwanamke wa umri wake hawapo wengi. Hakulisema kwa ubaya. Aliamini anamsaidia.

Wiki tatu zilipita hivyo. Mama hakuambiwa kitu, lakini alijua. "Yule wa simu ya saa saba, ambaye ulikuwa unanihadithia, yuko wapi?" aliuliza.

"Yupo kwao."

"Wewe umekonda."

"Wote tumekonda, mama. Fungua mdomo."

Huko Kisongo alikokaa, Yiamat alikuwa amepata usingizi kidogo kuliko Skolastika. Aliipitia barua yake kichwani mstari kwa mstari, akitafuta kosa, kama anavyotafuta waya uliokatika. Hakuliona kwenye maneno. Siku ya kumi na tisa alienda kwa mzee Kasaine na kumwomba warudi kuichukua barua.

"Nimepeleka barua kumi na moja maishani mwangu," mzee alisema. "Mbili zilikataliwa. Hakuna hata moja niliyoifuata nyuma. Tutasema nini?"

"Tutasema mimi ndiye niliyekosea. Mtu niliyetakiwa kumwuliza kwanza, nilimwacha wa mwisho."

"Watatucheka."

"Nitakwenda na wewe, baba mkubwa, wanicheke mimi."

Jumamosi hiyo simu ya Ludovick ilifika dukani ikiwa ya moto. "Yule mtu wako amekuja kuchukua barua yake. Na wazee wake wameketi hapo wanatazama chini. Tangu nizaliwe sijaona. Ametuaibisha."

"Alisema nini?" Skolastika aliuliza.

"Eti hakuuliza vizuri."

Skolastika alivuta stuli, akakaa. Mteja aliyekuwa anataka dawa ya minyoo alimwuliza kama anajisikia vibaya.

Kesho yake, ibada ya kwanza ilipokwisha, Yiamat alibisha mlango wa Levolosi. Alikuwa amevaa suti, na mkononi alibeba dumu la maziwa kutoka kwa ng'ombe wa kaka yake. Skolastika alifungua akiwa na kanga kiunoni na kitambaa kichwani, macho mekundu. Mama yake alikuwa na homa tangu Ijumaa, na hapakuwa na aliyelala.

"Sikuja na mtu," Yiamat alisema. "Wala sina karatasi. Nimekuja kukuuliza. Nataka kuishi na wewe, na mama awepo tutakapokuwepo, kama ninyi wawili mnataka. Kama hamtaki, maziwa mtakunywa na nitaondoka vizuri."

Skolastika aliegemea fremu ya mlango. Alilisubiri swali hilo kwa wiki tatu, na sasa lilipokuja hakuwa na nguvu hata ya kulifurahia.

"Leo siwezi kukujibu," alisema. "Nina usingizi."

"Basi lala."

"Na mama?"

"Nionyeshe."

Alimwonyesha. Dawa ya homa saa saba, uji saa nane, usiwe wa moto. Kumgeuza: mto mmoja mgongoni, mwingine katikati ya magoti, mkono mbovu usilaliwe. Yiamat alisikiliza, akamwomba arudie lile la magoti. Alivua koti la suti, akakunja mikono ya shati. Skolastika alijilaza chumba cha pili, akijiambia ni nusu saa tu.

Aliamka jua limeshaegemea upande wa pili wa nyumba. Alikaa kitandani moyo ukimdunda, akijaribu kukumbuka alichosahau. Kisha akasikia Shangazi, chini sana, chini kiasi kwamba ilibidi asimame ili kuwa na uhakika.

Mama yake alikuwa ameegemezwa mito, uso mkavu, homa imeshuka. Nje kwenye kamba shuka lililofuliwa lilikuwa linapigwa na upepo. Yiamat alikuwa kwenye kigoda, suruali ya suti imelowa magotini.

"Nimelala kwa saa ngapi?"

"Sita," Yiamat alisema.

Mama aliinua kidole cha mkono mzima, kama anavyofanya akitaka watu wanyamaze. "Amenigeuza mara mbili. Ana mikono migumu, ya mtu wa ng'ombe." Alipumzika, akapata pumzi. "Lakini kila akitaka kunishika, anauliza kwanza."

Skolastika alikaa pembeni mwa kitanda. Akamwambia Yiamat, "Mama hujamwuliza lile jambo lenyewe."

"Nilikuwa nakusubiri uamke."

"Nimeamka."

Yiamat alisogeza kigoda karibu. "Mama, mimi nakaa Kisongo. Nyumba si kubwa. Ningependa Skola aje, na wewe uje. Utakubali?"

Mama alifikiri. Macho yake yalizunguka chumba chote: kabati, ndoo, picha ya mumewe.

"Huko kuna baridi?"

"Kuna upepo, mama. Asubuhi hasa."

"Na huyu anayeimba?"

"Yupo."

"Basi nunua blanketi nzito," mama alisema, akafumba macho. "Na umwulize huyu mwenye usingizi wake."

Yiamat alimgeukia Skolastika, lakini hakupata nafasi ya kufungua mdomo.

"Nimekubali," Skolastika alisema. "Sasa nipishe hicho kigoda, saa ya kumgeuza imefika."

Yiamat alisimama, akashika mto wa magotini. "Tumgeuze wote," alisema.