Waliotazama Kamera

Haya yalimpata mama mdogo wangu, na sehemu ya mwisho niliishuhudia mwenyewe, kwa hiyo mtu asiniambie nimeyaokota mtaani.

Mama mdogo ni mhariri wa picha katika kituo cha televisheni. Kwa miaka mingi amefanya kazi ambayo wenzake wanaikwepa: msanii akifariki, yeye ndiye anayefukua kanda zake za zamani, anakata vipande, anaviunga, na watu wanakaa sebuleni kumkumbuka marehemu. Mwaka ule wasanii walifuatana kama waliopeana ahadi. Alianza mwimbaji mmoja wa kike mwenye sauti nzito, akafuata mpiga gitaa, kisha mchekeshaji tuliyemwita Kibogoyo, ingawa meno yake yote yalikuwepo na jukwaani alikuwa akiyapaka masizi tu. Ikafika mahali mama mdogo akionekana kwenye korido na kanda mkononi, wenzake wanamuuliza, "Leo nani tena?" Naye anawajibu, "Wewe bado, malizia chai yako."

Asubuhi aliyoanza kuandaa kipindi cha Kibogoyo ilikuwa ya kawaida kabisa. Feni inalia, kikombe kiko juu ya kabati la kanda, bosi anapita akiuliza itakuwa tayari lini. Tatizo ni kwamba kituo kilikuwa na vichekesho vilevile ambavyo kila mtu anavijua kichwani. Mama mdogo alitaka kitu ambacho watu hawajakiona. Akiwa kwenye mawazo hayo, dada wa mapokezi akampigia simu ya ndani.

"Kuna mzigo wako huku. Ameuleta kaka yake mjane wa Kibogoyo."

Ilikuwa kanda ya filamu moja ya zamani sana. Mama mdogo aliwahi kuisikia juu juu. Ilitengenezwa akiwa bado hajaanza shule, ikaonyeshwa mara chache, ikasahaulika, na hata walioicheza hawakuwa wakiitaja kwenye mahojiano yao.

Aliiweka kwenye mashine, akavuta kiti. Filamu ilihusu harusi iliyoharibika, na ilikuwa nzuri hasa. Kibogoyo, kijana mwembamba, alikuwa mtumishi aliyepoteza pete ya bwana harusi na anaitafuta hadi ndani ya viatu vya wageni. Mama mdogo alicheka peke yake mpaka akafuta machozi. Akajiuliza inakuwaje kitu kizuri hivi kimeozea kwenye kabati la mtu.

Kisha ikaja sehemu ya uani, wageni wote wamekaa kwenye meza ndefu. Hapo jicho lake la uhariri likanasa kasoro. Kibogoyo alikuwa anatazama kamera.

Mwigizaji hatazami kamera. Hilo ni somo la kwanza. Mama mdogo alirudisha nyuma, akatazama tena. Pembeni ya Kibogoyo alikuwepo yule mwimbaji wa sauti nzito, msichana mbichi bado. Naye anatazama kamera. Mwisho wa meza, mpiga gitaa. Naye vilevile. Wengine wote mezani walikuwa wanakula na kusogoa kama wanavyotakiwa. Waliokuwa wametulia na kutazama ni wale aliowafanyia vipindi mwaka ule.

Alitaka kuizima, lakini nyuma kabisa, karibu na mlango, alimwona binti amebeba sinia, amewapa wote mgongo. Kwenye kiwiko alikuwa na kovu la moto. Kovu lile mama mdogo alikua akiliona. Lilikuwa la dada yake, yaani mama yangu.

Siku hiyohiyo baada ya kazi alikuja nyumbani, anacheka, maana alidhani amepata kisa cha kutuchekesha. Mama alikuwa anakunja nguo. Aliposikia jina la filamu, alisimama na shati mkononi.

"Wameipata wapi?"

"Kwa hiyo ni wewe kweli, dada?"

"Walitukusanya mabinti wa mtaani tuujaze uwanja. Nilipewa sinia, nikaambiwa nitembee kuelekea mlangoni na nisigeuke hata nikiitwa. Nilikatazwa kabisa kugeuka."

"Mwongozaji ndiye alikukataza?"

"Mpiga picha. Mwongozaji mwenyewe alikuwa anamwogopa." Mama akaendelea kukunja lile shati, akalikunjua, akalikunja upya. "Usiionyeshe, mdogo wangu. Sijui kwa nini nakwambia hivyo, ila usiionyeshe."

Kesho yake mama mdogo aliiweka kanda tena achague vipande. Alipofika uani, mkono wake ukabaki hewani. Binti wa sinia alikuwa anaonekana sikio. Jana palikuwa na kisogo tu. Aliipiga picha ile skrini kwa simu yake, akaifungia kanda kwenye droo, akatembea na ufunguo siku nzima.

Alianza kuwashuku wenzake. Labda kuna mtu anamfanyia mzaha, maana watu wa televisheni wanajua kuchezea picha. Alimshuku fundi wa mitambo. Akamshuku hata bosi, ambaye alikwisha kuitangaza filamu ile kama hazina iliyosahaulika na kuipangia Jumapili mchana. Kila aliyempita mlangoni alimtazama mikono.

Akaitoa kanda tena, akalinganisha na picha ya kwenye simu. Sikio. Shavu. Ncha ya pua.

Akampigia mjane wa Kibogoyo, kwa sauti ya mtu anayeshukuru tu. "Nilitaka nimshukuru kaka yako kwa kanda aliyotuletea."

Mjane akamkatiza. "Mimi sina kaka. Nyumbani tulizaliwa wasichana watupu."

Alishuka mapokezi mbiombio. Dada wa mapokezi alimkumbuka vizuri yule mtu. Mwembamba, wa makamo, mpole. "Jicho moja alilifumba muda wote. Nilidhani ana chongo, ila alipoondoka alilifumbua, akafumba lingine."

Katika walioicheza filamu ile kwa majina makubwa, aliyebaki hai alikuwa mmoja, bibi ambaye watu wote walimwita Malkia kwa sababu ya mwendo wake. Alikuwa ameigiza mama wa bibi harusi. Mama mdogo alimkuta barazani kwake mchana, anachambua mchele, televisheni inaongea yenyewe ndani. Malkia alimpokea kwa bashasha, akamtania kwamba watu wa kituo chake hawafiki kwa mtu mpaka afe. Ilipotajwa filamu, bashasha ikaisha. Aliingia ndani akazima televisheni, ndipo akarudi kuketi.

"Aliyepiga picha ile alikuwa nani, bibi?"

"Hatukumjua. Wa kwanza aliugua, huyu akatokea asubuhi akasema ametumwa. Hakula na sisi hata siku moja. Kamera ikiwa chini, jicho lake moja bado limefumbwa, kama anatupima." Malkia alishusha sauti. "Tulimwuliza kwa nini tusitazame kamera. Akasema, mtaitazama tu, kila mtu kwa zamu yake."

Bibi akausogeza mchele pembeni.

"Mwanangu," Malkia akanong'ona. "Mimi natazama wapi?"

"Pembeni, bibi. Unamtazama bibi harusi."

"Unanidanganya."

Alikuwa anadanganya kweli. Asubuhi ile Malkia wa kwenye kanda alikuwa amekwisha kugeuza kichwa. Yalikuwa yamebaki macho tu.

Bosi hakutaka kusikia lolote. Tangazo limetoka, watu wanaisubiri, na wewe unaniletea habari za sinia? Mama mdogo akafanya kitu pekee alichoweza kufanya. Aliihamishia filamu kwenye kompyuta ya kituo, akaifuta sehemu yote ya uani. Meza, wageni, mlango, binti. Aliunga pete inapopotea na pete inapopatikana, akarudia kuitazama mpaka mwisho kuhakikisha. Hapakuwa na uani. Kanda yenyewe akaibeba hadi nyuma ya jengo, akaichoma ndani ya pipa, na akasimama pale mpaka plastiki ikawa majivu.

Jumapili alikuja kukaa na sisi. Jua lilikuwa kali, mapazia tumeyafungua yote kwa makusudi. Mama alisema hana haja ya kuona ujana wake, akaingia chumbani kujilaza. Sisi wawili tukatazama. Kibogoyo aliuchekesha mtaa mzima, tulisikia vicheko kutoka nyumba za jirani. Pete ikapotea. Mama mdogo akanishika mkono. Pete ikapatikana. Uani haukuonekana.

Alipumua kwa nguvu, akaegemea kiti. Tulikuwa bado tunacheka kwa nafuu pale simu yake ilipoita. Ilikuwa kazini. Nilimwona akisikiliza, uso unabadilika.

"Malkia," aliniambia akishusha simu. "Wamemkuta kwenye kiti, mbele ya televisheni. Filamu hata haijaisha."

Kabla sijasema kitu, mlango ukabishwa. Alikuwa jirani yetu mshonaji, futi ya kupimia bado iko shingoni, mwenye furaha.

"Mama yako yuko wapi nimpongeze? Kumbe naye ni msanii na anatuficha. Nimemwona na sinia lake."

"Umemwona wapi?" Mama mdogo aliuliza taratibu.

"Si hapo uani, kwenye ile meza ndefu. Alivyogeuka akatutazama, nikasema huyu namjua."

Nilikimbia chumbani.

Mama alikuwa amelala kifudifudi. Uso wote umezama kwenye mto. Hatikisiki. Nilimwita. Kimya. Nikamvuta bega, nikamgeuza kwa nguvu, nikampiga mashavu, nikamwita tena kwa jina lake ambalo sijawahi kulitamka maishani. Mama mdogo nyuma yangu alikuwa anasema, "Dada, usitazame. Dada, usitazame."

Kisha mama akavuta pumzi. Ndefu, kama ya mtu aliyetolewa majini. Akafumbua macho, akatuangalia sote wawili.

"Mbona mnaniamsha kama nyumba inaungua?" Akajifuta jasho. "Kuna mtu alikuwa ananiita. Nilikuwa nimeanza kugeuka, ndiyo mkanivuta."

Mama yupo hai hadi leo. Anapika, anasali, anagombana na mshonaji kuhusu mikono ya gauni. Mama mdogo aliacha kazi ile na sasa anafundisha uhariri chuoni. Tuliwauliza majirani wengine mmoja mmoja, kwa ujanja, na wote walisema hawakuona meza yoyote. Mshonaji anashikilia kwamba aliona, na sina sababu ya kumwita mwongo.

Jioni ile nilitoa mashuka kitandani nikafue. Foronya nikaikuta na uso.

Ilikuwa poda, nyeupe na nene, ya kupakwa usoni ili taa za kamera zisimulike jasho. Mama yangu hapaki poda. Nyumbani kwetu hamna poda. Ulionekana mviringo wa mashavu, rangi ya mdomo, na nyusi mbili zilizochorwa kwa wanja. Ulikuwa uso wa binti mdogo. Nimeifua kwa sabuni, nimeichemsha, nimeianika juani, na haijatoka.

Mtu akilalia uso wake usingizini, kope zinakuwa zimefungwa. Kwenye foronya ile macho yako wazi.