Zamu ya Alhamisi

Haya yalimpata mdogo wangu wa kike, kitindamimba wa mama yetu, na nusu yake niliyaona mwenyewe. Nitayaeleza kwa utaratibu, kama yalivyotokea.

Mdogo wangu alikuwa mkunga kwa miaka thelathini na minne. Alipofiwa na mumewe alihamia kwangu, na alipostaafu alikataa kukaa bure. Wilayani kwetu kulikuwa na makanisa sita ya kale, ya mawe, yenye vioo vya rangi madirishani. Wageni walikuwa wakifika, wanakuta milango imefungwa, wanarudi zao. Yeye ndiye aliyekusanya watu wa kujitolea kuwapokea wageni hao na kuwaeleza historia. Wengine waliwaita walinzi, wengine wasimamizi. Si sahihi. Waliitwa waongozaji, na chama chao kiliitwa Mtandao wa Waongozaji.

Kazi yote ilikwenda kwa daftari moja. Kila Jumapili baada ya ibada aliketi sebuleni kwangu akampigia simu kila mwongozaji. "Zamu yako ni Jumanne. Upo?" Yule akajibu, "Nipo," naye akaliandika neno hilo mbele ya jina. Tena alikuwa na sharti moja alilolitoa wodini: aliye zamuni haondoki mpaka apokelewe. Saa tisa alasiri mpokeaji alifika, akamshika mkono, akasema, "Nimekupokea. Nenda kapumzike."

Kanisa la kilimani, tulilobatiziwa sisi wote, lilifunguliwa Alhamisi tu, na lilikuwa na mwongozaji mmoja. Alikuwa fundi saa mstaafu. Tulimwita Bwana Dakika, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akichelewa hata moja. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa akimpokea.

"Mkunga," alikuwa akimtania, "wewe umewaleta watu duniani, mimi nawaonyesha walipozikwa. Tukigombana, nchi nzima itapotea njia."

Bwana Dakika alifariki hospitalini siku ya Jumatatu, kwa ugonjwa wa moyo. Tulimzika Jumatano.

Kamati ya majengo ya kale ilikuwa na kanuni yake: kanisa likikosa mwongozaji wiki tatu mfululizo, linaondolewa kwenye Mtandao na mlango wake unapigiliwa mbao. Mdogo wangu alihangaika kutafuta mtu. Dereva mmoja mstaafu alimwambia, "Dada, mgongo wangu na ule mlima hawasalimiani." Mke wa daktari wa meno tayari alishika makanisa mawili. Jumapili ya tatu mdogo wangu alikaa na kalamu mkononi muda mrefu.

"Kamati haisomi majina, kaka. Inahesabu mistari tu."

"Mtu amekwisha kufa," nikamwambia.

"Wiki moja, mbili, mpaka nipate mwingine. Nikiliacha lile kanisa lifungwe, halifunguliwi tena."

Akaandika Bwana Dakika, Alhamisi. Kisha, kwa mazoea ya mkono tu, akamjibia: Nipo.

Wiki moja ikawa tano. Katika wiki ya sita ilikuja barua ya mwalimu aliyekuwa amepeleka wanafunzi kilimani. Alitushukuru kwa mzee mpole aliyewaongoza Alhamisi na kuwaeleza kila jiwe. Tulicheka. Tukasema mwalimu amechanganya makanisa. Ufunguo wa kanisa la kilimani ulikuwa umetundikwa jikoni kwetu, wala haukuwa umeshuka.

Hata hivyo siku ya Ijumaa tulipanda kutazama. Mlango ulikuwa umefungwa vizuri. Ndani tulikuta kitabu cha wageni kiko wazi. Kurasa nne zilikuwa zimejaa sahihi za watu tusiowajua. Zote zilikuwa za Alhamisi.



Katika wiki ya tisa mtu na mkewe walibisha hodi kwetu. Walikuwa wasafiri, wameelekezwa kwa mkuu wa Mtandao.

"Mama, yule mzee wenu wa kanisani mpumzisheni," mume akasema. "Alisimama muda wote. Hata kuketi hataki."

Mke akashusha sauti.

"Tulipomuaga alinishika mkono. Mkono ulikuwa wa baridi, mama, na nje jua linachoma. Akaniuliza kama mimi ndiye nimekuja kumpokea. Nikasema hapana. Tukasogea mlangoni, akauliza tena. Tukatoka. Bado tukamsikia anauliza."

Walipoondoka, mdogo wangu alifungua daftari akalikata lile jina kwa mistari miwili. Kisha akaifunika kalamu, akatikisa kichwa.

"Kufuta si kupokea," akanong'ona. "Mimi ndiye niliyemwita zamuni. Mimi ndiye niliyemjibia."

"Basi liache kanisa lifungwe."

"Na yeye abaki ndani?"



Alhamisi iliyofuata tulipanda naye. Saa nane na nusu tulikuwa tumefika. Jua lilikuwa kali, hakuna kivuli njiani. Ufunguo ulikuwa mkononi mwake.

Mlango ulikuwa wazi.

Aliingia. Mimi nilisimama kizingitini.

Nikasikia sauti. Ilikuwa ikieleza mimbari ilichongwa na nani, kwa mti gani, mwaka gani. Niliijua sauti ile. Nilikuwa nimetupa udongo juu ya jeneza la mwenye sauti ile.

Saa tisa kamili sauti ikanyamaza.

"Nimekupokea," mdogo wangu akanong'ona. "Nenda kapumzike."



"Umechelewa," ikajibu. "Umechelewa sana, Mkunga."

Kitu kikanipita pale mlangoni. Sikukiona. Kilinipita begani, polepole, kama mtu aliyechoka. Kiliniachia harufu ya mafuta ya saa.

Kisha mdogo wangu akatoka, akafunga mlango kwa ufunguo. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Ameondoka?"

"Ameondoka."

Nikamshika kiwiko, tukashuka.

Jumapili aliiandikia kamati ukweli wote kuhusu lile jina. Kanisa la kilimani likaondolewa kwenye Mtandao, na mwashi akapigilia mbao mlangoni na madirishani. Makanisa matano yakabaki. Nilitazamia mdogo wangu alie, kwani kanisa lile alilipenda kuliko yote. Hakulia. Alitulia. Ila kila Alhamisi aliketi kwenye kiti cha dirishani tangu saa tatu, na ukimwita haitiki. Saa tisa inapita, saa kumi inapita. Jioni ndipo anazinduka na kuomba maji, sauti imemkauka kama ya mtu aliyeongea kutwa. Nikasema moyoni, ni uzee.

Baada ya miezi saba kamati ilitaka kujua hali ya paa. Mwashi aliniomba nifuatane naye, kwa kuwa mimi nalijua jengo. Ilikuwa Ijumaa, asubuhi. Misumari ilikuwa imeshika kutu katika mbao. Alitumia nusu saa kuing'oa.

Ndani, vumbi lilikuwa limelala sakafuni nene, laini.

Mwashi akasimama. "Mzee," akanong'ona, "nani aliingia humu?"

Mbele ya mimbari palikuwa na nyayo. Za viatu vikubwa, za viatu vidogo, za watoto. Zilipangika nusu duara, kama wasimamavyo watu wanaosikiliza. Kutoka mlangoni mpaka pale hapakuwa na hata wayo mmoja. Vumbi lote la njiani lilikuwa zima.

Na mbele yao, zikiwaelekea, zilikuwako nyayo mbili peke yake. Za mwanamke. Peku. Wa kulia umegeukia nje kidogo.

Nimetembea nyuma ya mguu ule tangu utotoni, tukienda shule.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Siku ile mdogo wangu alipokea zamu. Akatoka, nami nikamshika kiwiko, tukashuka. Hakuna aliyempokea yeye.

Nilizihesabu zile nyayo za wasikilizaji, kisha nikazihesabu tena. Mwashi alikuwa ameshatoka nje.

Nilimkuta mdogo wangu jikoni, anamenya viazi. Nikamwambia tumefungua kanisa la kilimani, na kwamba sakafuni kuna nyayo za watu. Hakuuliza watu gani. Hakuuliza wamepita wapi.

"Umehesabu, kaka?"

"Thelathini na mmoja."

Aliangusha kiazi kwenye maji, akachukua kingine.

"Wameongezeka," akasema.